Anayeuliza Habari za Goti Lako Hafi Leo

Usiku wa jana niliota, ingawa nilikwisha kukataa.

Nilikataa mapema, tukiwa mezani, mjukuu wangu Tusekile aliponiuliza kwa mara ya tatu wiki hii: "Bibi, wewe ulikuwa unajuaje?"

Tusekile ni daktari. Mwezi uliopita aliletwa kwenye kituo chetu cha afya hapa Rungwe, kilekile ambamo mimi nilikuwa mhudumu kwa miaka thelathini na moja. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupitisha maji ya kumezea dawa, na kulitazama benchi. Watu wanakuja asubuhi, wanakaa kwa kufuatana walivyofika, na mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango kidogo na kusema, "Daktari, huyu wa tisa aingie sasa." Watu walisema nina jicho.

Tusekile hana jicho bado. Wiki iliyopita alianza na mtu aliyekuwa akipiga kelele, na mama mmoja aliyenyamaza karibu na mlango akaanguka. Yule mama alipona. Tusekile hajapona. Chakula anakisogezasogeza tu kwenye sahani.

"Ukimtazama unajua," nilimjibu.

"Hilo si jibu, Bibi."

"Ndilo nililo nalo. Kula ndizi zako."

Nikaenda kulala na hasira zangu. Nilipofumba macho tu, barua ikanigonga begani.

Ilikuwa barua ya kazi, ya bahasha ya kaki, yenye mhuri, na ilikuwa na mafua.

"Utanisoma au nijisome?" iliuliza, ikapiga chafya.

"Miwani yangu sijui iko wapi."

"Miwani imealikwa pia. Imeshatangulia." Ikajikunjua, ikajisoma kwa sauti ya puani: "Bibi Subilaga. Unatakiwa kuwafundisha wataalamu namna unavyofikiri. Uje na kichwa chako. Vichwa vya kuazima havitapokelewa."

"Nilishakataa hilo jambo mezani."

"Ndiyo maana umeitwa usingizini," ilisema barua. "Mchana ungekataa tena."

Nashusha miguu kutoka kitandani. Sakafu ni shamba la chai. Napita kati ya mistari na ndala zangu, na michai inaniamkia kwa Kinyakyusa, yote kwa pamoja, ikiniuliza nimelalaje. Naijibu kuwa bado naendelea. Mwisho wa shamba kuna mlango umesimama peke yake bila ukuta. Naufungua, na niko mapokezi ya kituo cha afya, saa nne asubuhi, mvua inanyesha upande mmoja tu wa chumba.

Kwenye meza ya mapokezi lilikuwa limekaa birika. Si birika la kuchemshia chai tu. Lilikuwa lile kubwa la bati, la buluu, lililobanduka rangi kwenye mdomo, ambalo nilipitishia maji miaka yangu yote. Lilikuwa limevaa kitambulisho shingoni kilichoandikwa MWEZESHAJI.

"Umechelewa," lilisema.

"Nimechelewa nini? Nimelala saa tatu."

"Semina ilianza saa mbili. Jiandikishe."

Nilitafuta jina langu kwenye karatasi nikalikuta limeshajiandikisha lenyewe na limekwenda kunywa chai.

Washiriki walikuwa watatu. Wa kwanza Tusekile, na koti lake jeupe, kalamu mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wa pili hakimu mwenye joho. Wa tatu mhandisi mwenye kofia ngumu.

"Nyie wengine mnatafuta nini?" niliwauliza. "Hapa ni mambo ya wagonjwa."

"Mimi nami nina benchi langu, Bibi," alisema hakimu kwa adabu. "Watu wanakaa mbele yangu, na sijui yupi anasema kweli."

"Mimi nina madaraja," alisema mhandisi. "Nayo yananinyamazia tu."

Niliwahurumia. Nikawaambia wakae.

Birika likasafisha koo, maji yakagugumia ndani. "Kwenye benchi hili," lilisema, "wamekaa watu kumi na mmoja. Mmoja wao hatafika saa sita mchana asipotolewa. Atamtoa Daktari Tusekile. Mwalimu atafundisha, lakini hatamtaja. Akimnyooshea kidole, kidole kitabaki hukohuko."

"Na asipomtoa?" niliuliza.

"Saa sita itafika," lilisema birika.

Nilimtazama Tusekile. Alikuwa ameishika kalamu yake kama mtu anayeshika kamba ya kisimani. Nikaacha ubishi.

"Kanuni ya kwanza," lilisema birika. "Mwalimu atafikiri kwa sauti."

Nikafungua mdomo nieleze kuwa mimi sina sauti ya kufikiria. Kabla sijasema, nikasikia kuwashwa sikioni. Mawazo yangu yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, kama kuku wanaofunguliwa banda. Yalikuwa wanawake wadogo wadogo, urefu wa kijiko, kila mmoja na kitenge chake. Yalisimama begani kwangu yakapepesa macho kwa mwanga.

"Chumvi imekwisha nyumbani," lilisema la kwanza.

Hakimu akaandika. Mhandisi akanyoosha mkono akauliza ni chumvi kiasi gani.

"Hilo halihusiki," nilisema.

"Kila wazo linahusika," lilisema birika, na bango kitita la semina, lililosimama kando ya meza, likajiandika kwa herufi kubwa: CHUMVI IMEKWISHA NYUMBANI.

Mungu anisamehe, nilitaka kulipiga teke.

Badala yake nililishika mpini, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyolazimu, nikachukua kikombe na kuanza kupita kwenye benchi kama nilivyofanya miaka yote. Washiriki wakanifuata nyuma. Mawazo yakanikalia begani yakining'iniza miguu.

Wa kwanza alikuwa Mama Sekela. Alikuwa akilia mpaka vioo vinatetemeka. "Nakufa mwe! Leo nakufa! Waambieni wanangu!" Nikampa kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo kama tunavyofundishwa tangu utotoni, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Bibi. Na lile goti lako linaendeleaje siku hizi za baridi?" Nikamwambia linakwenda. Akanywa, akafuta kikombe kwa kiganja, akanirudishia, akaendelea kufa.

"Anayeuliza habari za goti lako hafi leo," lilisema wazo moja begani.

Tusekile akainua kichwa. "Subiri. Ndiyo hivyo? Ndivyo unavyofanya?"

"Ndivyo nini?"

"Unawapa maji ili uone wanavyopokea!"

"Nawapa maji kwa sababu wana kiu," nilisema. Lakini wazo begani likatikisa kichwa, na mimi mwenyewe nilishangaa. Miaka thelathini na moja nilidhani nilikuwa nagawa maji.

Wa tatu alikuwa kijana mwenye kofia. Alipokea kwa mkono mmoja.

"Huyo!" alinong'ona mhandisi. "Mkono mmoja!"

"Mkono wa pili una simu," lilisema wazo. "Huyo amekosa adabu tu. Mwacheni na malezi yake."

Wa sita alikuwa msichana wa sweta jekundu. Naye alipokea kwa mkono mmoja, na akaona haya, akanong'ona, "Nisamehe, Bibi." Mkono wa pili ulikuwa umebana ubavu chini ya sweta.

Mawazo yote yakasimama. "Huyu amelelewa vizuri," lilisema moja. "Mtu aliyelelewa vizuri akipokea kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana kazi nao. Huyu awe wa pili."

"Wa pili?" aliuliza Tusekile haraka. "Kwa nini wa pili? Wa kwanza ni nani?"

Nikafunga mdomo. Mawazo nayo yakafunga yao.

Mwisho kabisa wa benchi alikuwa amekaa baba mmoja wa makamo, koti lake limelowa mabegani, na mapajani amelaza mtoto mchanga wa mama aliyekuwa karibu naye. Akanitazama akatabasamu. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, polepole, mtoto asiamke. Hakunywa. Akampitishia mama wa mtoto.

"Anywe huyu, Bibi. Ananyonyesha."

"Mtu mwema," yakasema mawazo yangu yote kwa pamoja, yakajipangusa macho kwa ncha za vitenge.

Na ndani ya kichwa, nyuma kabisa, kitu kizito kikageuka na hakikutoka.

Birika lilikuwa likihesabu mawazo kwa kidomo chake. "Limebaki moja," lilisema.

"Hakuna."

"Limebaki moja, Bibi Subilaga. Nalisikia linapumua."

"Hilo ni la zamani, ni bovu, halifundishi mtu. Endelea na kanuni zako."

Birika likafunua makaratasi yake ya mwongozo. Kisha likasema kanuni ya pili: mwanafunzi atajengewa jukwaa.

Mlango ukafunguka na miti ikaingia. Ilikuwa miti ya mkaratusi, mirefu, inatembea kwa kuyumba, imejibebea kamba yenyewe. Ikajifunga kumzunguka Tusekile, jukwaa zima, kama lile la mafundi wa kupaka rangi, na yeye akawa juu karibu na dari. Kila mti ulikuwa na sauti yake.

"Anaitikia salamu?" uliuliza mti wa kushoto.

"Anapokea vipi?" uliuliza wa kulia.

"Anauliza habari za mwingine?" uliuliza wa nyuma, uliokuwa na kigugumizi kidogo.

"Bibi, siwezi kumtibu mtu nikiwa kwenye dari," alisema Tusekile.

"Nani alisema nataka uwe huko? Teremka na kikombe. Wewe mti, sogea, mwanangu apite."

Tusekile akaanza kupita kwenye benchi na jukwaa lake linamfuata, likigonga taa. Nami nikawa namfuata nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Sekela, kwa sababu Mama Sekela alikuwa ameongeza sauti.

"Siyo," lilisema benchi.

Sikujua kuwa benchi nalo linasema. Lilikuwa na sauti ya mzee aliyekaliwa sana.

"Kama unajua, mwambie basi!" nilisema.

"Mimi ni shahidi," lilisema benchi. "Najua uzito wa kila mtu, namna anavyokaa na anavyojishikilia. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza, na leo kanuni inanikataza. Ningekuwa wewe ningelisema hilo lililobaki kichwani."

Tusekile akamrudia msichana wa sweta jekundu. Akapiga magoti, akamgusa ubavu, akauliza vizuri, bila haraka. Mti wa kulia ukajifungua kamba ukaondoka zake kwa sababu haukuhitajika tena. Nilifurahi, mpaka nilipotazama chini nikaona ndala zangu ziko tupu. Miguu haimo.

"Nini tena hiki?"

"Kanuni ya nne," lilisema birika. "Mwanafunzi akianza kujua, mwalimu anafifia."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ni miti kuondoka. Unaiona inaondoka. Ratiba imesogezwa mbele."

"Birika wewe! Nimekusugua kwa majivu miaka thelathini na moja, nimekuziba tobo mara mbili, leo unaniletea ratiba?"

"Nakumbuka majivu," lilisema birika kwa upole. "Lakini ratiba ni ratiba."

"Huyu ni wa pili," lilisema benchi kumhusu msichana. "Namsubiri wa kwanza."

Saa ya ukutani inasema saa tano na nusu. Msichana anaingizwa ndani na hakimu anamshika mkono, jambo ambalo halikuwa kazi yake, na namshukuru. Tusekile anarudi kwenye benchi. "Anayefuata ni nani?" anauliza.

"Ni zamu yangu," alisema yule baba wa mwisho, "lakini aingie huyu mama, mtoto asije akapata baridi."

"Asante sana, baba," alisema Tusekile. Mama akanyanyuka kumchukua mtoto. "Mwache alale," alisema yule baba. "Nenda wewe kwanza." Mama akaingia.

Mti wa kushoto ukajifungua. "Anaitikia salamu vizuri sana," ulisema, ukatoka.

"Anayefuata?"

"Aingie mzee huyu. Kakohoa tangu alipofika."

"Una roho nzuri, baba."

"Aa, ndivyo tulivyolelewa, daktari."

Mti wa nyuma ukasema, "A-a-anauliza habari za wengine," ukaondoka nao. Tusekile akabaki amesimama peke yake, hana jukwaa. Nami nimefifia mpaka kiunoni, na kiuno changu si kidogo. Sikutegemea kingekwenda haraka hivyo.

"Anayefuata?"

"Huyu kijana wa kofia. Nasikia anawahi kazini."

Kijana wa kofia akapita huku akiitazama simu. Hakusema hata asante. Yule baba akatabasamu vilevile. Tusekile akaniangalia, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza wiki nzima, akasema, "Bibi, unamwona huyu? Kumbe watu kama hawa wapo bado."

Maneno hayohayo. Nilishawahi kuyasema maneno hayohayo.

Nikaunyoosha mkono kumwelekea yule baba. Sikujali kanuni. Kidole kikakatika bila maumivu, kikaanguka sakafuni, kikasimama wima na kuielekea kalenda ukutani kwa bidii kubwa. Mhandisi akaenda kuipima kalenda.

"Tusekile!" niliita. Sauti ilikuwa imefifia pamoja na kifua. Ilitoka kama mvuke.

Saa sita kasoro dakika kumi.

"Limebaki moja," lilisema birika, safari hii taratibu sana, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Bibi Subilaga. Ndilo pekee ambalo halijafundishwa."

"Akilisikia ataacha kuniita mwenye jicho," nilisema.

"Labda," lilisema birika.

Nilimwangalia mjukuu wangu. Nikamkumbuka alivyokuwa akisogeza ndizi kwenye sahani. Nikainamisha kichwa upande, kama mtu anayetoa maji sikioni.

Lilitoka. Halikuwa dogo kama mengine. Lilikuwa mwanamke mzima, wa miaka arobaini na mitatu, na sare ya mhudumu iliyopigwa pasi, na mikono yangu. Hakupanda begani. Alikwenda akakaa kwenye benchi, karibu na yule baba, akawaambia wote waliokuwepo, bila kupandisha sauti:

"Mwaka ule wa mvua nyingi, kulikuwa na mtu mwisho wa benchi. Alimpisha mtu wa kwanza, nikasema, mtu mwema. Akampisha wa pili, nikasema, kumbe watu kama hawa wapo bado. Akampisha wa tatu, nikawaambia benchi zima, igeni mfano huu. Akampisha wa nne. Nikaenda jikoni kumchemshia chai yangu mwenyewe, ya shukrani, na sukari. Niliporudi alikuwa amekaa vilevile. Mtoto wa watu alikuwa amelala mapajani kwake, na yeye alikuwa ameshakufa."

Mama Sekela aliacha kulia.

"Hakuwa anapisha," lilisema lile wazo. "Miguu ilikuwa imekwisha. Alishindwa kusimama, akaona haya kusema. Mtu aliyelelewa vizuri akiishiwa nguvu atakwambia 'tangulia wewe.' Na mimi nilimsifu mpaka akafa. Ndipo nilipopata jicho. Kabla ya hapo sikuwa nalo."

Tusekile alinitazama. Nilikuwa nimebaki shingo na uso.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza najuaje," nilisema kwa mvuke wangu. "Hukuniuliza nilikosea wapi."

"Hilo," lilisema birika, likifunua makaratasi, "halimo kwenye mwongozo." Likayafunua tena. Kisha likayaweka chini.

Tusekile alishageuka. Hakukimbia. Alikwenda akachuchumaa mbele ya yule baba, kikombe mkononi.

"Baba, sasa ni zamu yako."

"Aingie mama huyu anayelia, mwanangu. Mimi bado."

"Umepisha mara ngapi leo?"

Yule baba akacheka kidogo. "Mambo hayo hayahesabiwi, daktari."

"Mimi nahesabu. Huyo atakuwa wa nne." Akaweka kikombe chini. "Baba, sitakuuliza kama unaumwa, utanijibu hujambo. Nakuomba usimame tusalimiane."

Hapo tabasamu lake likabaki limening'inia peke yake usoni. Alitazama magoti yake. Alitazama mtoto.

"Naogopa kumwangusha huyu mtoto," alisema polepole.

Mama Sekela, ambaye alikuwa anakufa tangu asubuhi, alinyanyuka kama msichana, akamchukua mtoto, akamfunika kwa kitenge chake na kusema, "Nipe mimi, baba. Wewe nenda." Niliiona mikono yake. Haikuwa ikitetemeka hata kidogo. Nikamsamehe kelele zote.

Tusekile akamshika yule baba kwapani. Hakunyanyuka. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa maji. Hapo benchi likasema, "Sasa ndiyo," likasimama kwa miguu yake minne, likawateremsha wengine kwa heshima, kisha likatembea na yule baba mgongoni mpaka chumba cha daktari, likipiga kelele za mbao, huku Tusekile akikimbia pembeni ameshika mkono wake na kuita wauguzi kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mhandisi aliwafungulia mlango. Hakimu akaushika usijifunge.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili.

Sikuona kilichofuata. Nilikuwa nimebaki macho tu, yanaelea juu ya meza ya mapokezi kama taa mbili. Birika lilikuwa likinitazama.

"Umefundisha," lilisema.

"Amepona?"

"Mimi ni birika, Bibi Subilaga."

Mlango wa chumba cha daktari ukafunguka kidogo, kama nilivyokuwa naufungua mimi. Tusekile akachungulia, jasho linamtoka, nywele zimetoka kwenye kilemba.

"Bibi! Yule wa mwaka wa mvua. Jina lake nani?"

Nikataka kujibu. Sikuwa na mdomo.

Niliamka. Kumekucha. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na jikoni nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Nilihesabu vidole vyangu vyote kumi, nikavaa sweta, nikatoka.

Tusekile alikuwa amevaa koti la mvua tayari, anakunywa chai amesimama, mkoba begani. Alinisalimu shikamoo. Nikamwitikia, nikasogeza sufuria ya chai, na nilipoinuka nikaona mgongo wa mkono wake wa kushoto. Ulikuwa na maandishi ya kalamu, mwandiko wake wa kidaktari, lakini niliyasoma bila miwani. *Amepisha mara ngapi?*

"Umeandika nini hapo?" niliuliza.

Akatazama mkono wake kama anatazama mkono wa mtu mwingine. Akausugua kwa kidole gumba. Wino haukutoka.

"Sijui, Bibi. Nimeamka nao."

Akavaa buti la kwanza, akafunga kamba. Akavaa la pili, hakulifunga. Alibaki ameinama.

"Bibi, ukikasirika nitakuelewa," alisema, bila kuinua uso. "Jina lake nani?"

Mtu yule sikuwahi kumtaja kwa yeyote. Si kwa babu yake Tusekile, si kwa daktari wa wakati ule, wala kwa padri.

Nikazima jiko. Nikavuta kiti changu mpaka karibu na chake.

"Ambokile," nilisema. "Alikuwa fundi baiskeli pale njia panda. Kaa chini, daktari. Siku ile nilianza kukosea kwenye salamu."